Chaja ya Betri Ikikataa Kufanya Kazi, Tuanzie Wapi?

Mtu akifika Kisorya, wilayani Bunda, alfajiri ya siku za giza, mwezi usipoonekana, ataona mambo mawili. Kwanza ataona watu na magari wakisubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Pili ataona wavuvi wa dagaa wakirudi kutoka ziwani. Wengine wamebeba dagaa, wengine wamebeba betri begani. Dagaa wanakwenda kuanikwa. Betri zinakwenda kuchajiwa, ili jioni zirudi tena ziwani.

Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai. Mvuvi alihitaji mafuta ya taa na utambi. Siku hizi wavuvi wengi wanatumia taa za umeme zinazowashwa kwa betri. Hazizimwi na upepo, wala hazimwagi mafuta mtumbwini. Lakini kila kitu kina shida yake. Karabai ikiharibika, kila mvuvi alijua mahali pa kugusa. Chaja ya betri ikiharibika, wengi wetu tunasimama tu na kuitazama. Au vibaya zaidi, tunaipiga ngumi, tunafungua sanduku lake kwa bisibisi, tunafunga waya mahali pa fyuzi. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Leo tutaeleza namna ya kutafuta ubovu wa chaja na namna ya kuitunza bila kuumia. Neno kubwa la somo letu ni hili: mara nyingi ubovu uko nje ya sanduku la chaja, si ndani. Uko kwenye soketi, kwenye vibanio, au kwenye betri yenyewe. Kwa hiyo tuzime kwanza, kisha tutazame nje. Ndani ya sanduku tumwachie fundi.

CHAJA INAFANYA KAZI GANI?

Chaja tunayoizungumzia siyo ile ndogo ya simu. Ni chaja kubwa, ya aina inayotumika kwenye gereji, viwandani na kwenye maghala. Inaweza kuchaji betri kadhaa za gari au za taa za uvuvi kwa siku moja.

Umeme wa TANESCO unaofika kwenye soketi una nguvu ya volti 230. Umeme huo hauendi upande mmoja. Unakwenda mbele na kurudi nyuma upesi sana, kama msumeno wa mpasua mbao. Betri haiwezi kupokea umeme wa namna hiyo. Betri ya taa zetu ina volti 12 tu, na inataka umeme unaokwenda upande mmoja, kama maji ya mto.

Basi chaja inafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupunguza nguvu ya umeme. Kifaa kinachofanya kazi hiyo kinaitwa transfoma. Kazi ya pili ni kuufanya umeme uende upande mmoja. Kazi hiyo inafanywa na vifaa vidogo vinavyoitwa diodi. Diodi ni kama mlango wa mgono wa kutegea samaki. Samaki anaingia, lakini hawezi kurudi alikotoka.

Nje ya sanduku kuna plagi, swichi, fyuzi, na geji yenye mshale au namba. Kuna pia nyaya mbili nene zenye vibanio. Kibanio chekundu ni cha upande wa kujumlisha (+). Kibanio cheusi ni cha upande wa kutoa (−). Chaja nyingi zina feni ya kupoza na matundu ya kupitisha hewa.

HATARI TATU ZA KIBANDA CHA KUCHAJI

Kabla hatujagusa kitu, tuzijue hatari zake.

Hatari ya kwanza ni umeme wa volti 230. Huo unaua. Hata baada ya kuchomoa plagi, ndani ya chaja mna vifaa vinavyoweza kuhifadhi umeme kwa muda. Ndiyo sababu tunasema sanduku lisifunguliwe na mtu asiye fundi.

Hatari ya pili ni hewa. Betri ya maji inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haionekani wala hainuki. Ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hupanda na kujikusanya chini ya paa. Ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa ya chumba, inaweza kuwaka. Sigara, kiberiti, jiko la mkaa, au cheche ndogo ya waya inatosha.

Hatari ya tatu ni tindikali, yale maji makali yaliyomo ndani ya betri. Yanatoboa nguo na kuunguza ngozi. Yakiingia machoni yanaweza kumpofusha mtu.

Tuliwahi kushuhudia jambo hili kwenye kibanda kimoja cha pwani ya ziwa. Mwenye betri alikuwa na haraka. Yule kijana wa kuchaji naye akataka kumridhisha. Akavuta kibanio huku chaja ikiwa inafanya kazi. Cheche ikaruka juu ya betri. Tukasikia mlio kama wa bunduki, na kizibo kimoja cha betri kikarukia ukutani. Maji makali yakampiga kijana usoni. Mtu mmoja akakimbilia mafuta ya kupikia ampake. Bahati nzuri mama mmoja muuza dagaa alikuwa na ndoo mbili za maji safi. Akapiga kelele, "Mafuta hapana! Maji! Mwageni maji!" Wakamwosha macho mfululizo, kisha wakampeleka zahanati. Leo kijana yule anaona. Tunaamini ni ndoo zile mbili zilizomwokoa.

Kumbukeni basi. Tindikali ikiingia machoni, fungua kope na osha kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kuacha. Usipake mafuta, maziwa wala magadi. Halafu nenda zahanati au kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua.

ZIMA KWANZA

Kosa la yule kijana halikuwa kutojua umeme. Kosa lake lilikuwa mpangilio. Tujifunze mpangilio huu mpaka tuukariri.

Wakati wa kuunganisha:

1. Hakikisha chaja imezimwa na plagi imechomolewa.
2. Weka kibanio chekundu kwenye kichwa cha betri chenye alama ya +.
3. Weka kibanio cheusi kwenye kichwa chenye alama ya −.
4. Tikisa vibanio kidogo. Je, vimeshika?
5. Sasa chomeka plagi, halafu washa swichi.

Wakati wa kutoa:

1. Zima swichi na chomoa plagi.
2. Ngoja dakika chache hewa itawanyike.
3. Toa kibanio cheusi kwanza.
4. Toa kibanio chekundu.

Kwa njia hii, ikiwa cheche itatokea, itatokea kwenye soketi ya ukutani, mbali na betri. Soketi basi isiwe juu ya meza ya betri. Iwe hatua kadhaa pembeni.

Pia vua pete, saa ya mkono na bangili za chuma. Pete ikigusa vichwa viwili vya betri inaweza kuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi, nayo iko kidoleni. Spana ifungwe kipande cha mpira au utepe wa fundi umeme kwenye mpini wake. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Ndoo mbili za maji safi ziwepo mlangoni kila siku, na maji hayo yasitumiwe kwa kazi nyingine.

TUTAFUTE UBOVU HATUA KWA HATUA

Tuseme sasa chaja imekataa. Mganga mzuri hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Nasi tuiulize chaja maswali. Tuanze na swali jepesi, ndipo twende kwenye gumu. Tena tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na chaja ikapona, hutajua ugonjwa ulikuwa nini. Kesho ukirudi, utaanza upya.

Swali la kwanza: Je, taa ya chaja inawaka?

Kama haiwaki kabisa, usiilaumu chaja bado. Pengine umeme wenyewe umekatika, au salio la luku limekwisha. Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyo hiyo, kwa mfano taa ya mezani. Nayo isipowaka, shida iko kwenye soketi au kwenye nyaya za nyumba. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Taa ya mezani ikiwaka, chomoa chaja na utazame plagi na waya wake. Je, umebabuka? Je, panya wameula? Je, plagi ina alama nyeusi ya kuungua? Kisha tazama fyuzi. Fyuzi ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile ya ampea. Kama ya zamani ni ya ampea 13, weka ya 13. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya mahali pake! Fyuzi ni mlinzi wa mlango. Ukimwondoa mlinzi, mwizi ataingia, na mwizi huyo ni moto. Kama fyuzi mpya nayo inaungua mara moja, acha hapo hapo. Ubovu uko ndani. Mwite fundi.

Swali la pili: Taa inawaka, lakini je, geji inaonyesha umeme unaingia kwenye betri?

Kama mshale haupandi, tazama vibanio na vichwa vya betri. Mara nyingi utakuta unga mweupe au wa kijani. Hiyo ni kutu inayozuia umeme kupita. Zima, chomoa, toa vibanio. Sugua vichwa kwa msasa au brashi ya waya mpaka ving'ae. Unga ukiwa mwingi, osha kwa maji yaliyokorogwa na magadi kidogo. Magadi huua ukali wa tindikali. Lakini vizibo vya betri viwe vimefungwa vizuri. Tone la magadi likiingia ndani ya betri linaiharibu. Ukimaliza, suuza kwa maji, kausha kwa kitambaa, halafu funga vibanio. Betri itakayorudishwa mtumbwini ipakwe grisi kidogo vichwani baada ya kufungwa nyaya zake.

Kama vichwa ni safi na bado geji imelala, tazama mambo matatu. Je, vibanio vimegeuzwa, chekundu kwenye alama ya kutoa? Je, swichi ya kuchagua volti imewekwa kwenye 24 wakati betri ni ya 12, au kinyume chake? Je, betri imekufa sana? Chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza kama vibanio vimegeuzwa, au kama betri haina nguvu hata kidogo. Zimetengenezwa hivyo ili kuzuia ajali. Wewe unadhani imeharibika, kumbe inakulinda.

Swali la tatu: Ubovu ni wa chaja au ni wa betri?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi mwaloni. Mwenye betri anasema, "Chaja yako mbovu." Mwenye chaja anajibu, "Betri yako imezeeka." Nani mkweli? Njia ya kujua ni rahisi. Chukua betri nyingine ambayo unajua ni nzima, uiunganishe na chaja hiyo hiyo. Kama inachaji vizuri, chaja ni nzima. Kama nayo haichaji, chaja ndiyo yenye ubovu. Hapo hakuna haja ya kugombana.

Kama una mita ya kupimia umeme, tufanye hesabu kidogo. Betri ya volti 12 ina vyumba 6 ndani yake. Kila chumba kikijaa kina volti 2.1 hivi.

6 × 2.1 = 12.6

Basi betri iliyojaa na kupumzika saa chache baada ya kuchajiwa inasoma karibu volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikishuka chini ya 12, imekwisha. Lakini betri iliyochajiwa usiku kucha na kupumzika ikisoma karibu 10.5, hesabu inatuambia nini?

5 × 2.1 = 10.5

Yaani vyumba vitano ni vizima na kimoja kimekufa. Betri hiyo usiendelee kuichaji. Itapata joto bure na itahatarisha kibanda kizima.

Swali la nne: Je, chaja inakata yenyewe, au geji inapanda kupita kiasi?

Zima upesi. Huenda nyaya mbili zimegusana mahali zilipobabuka, vibanio vimegeuzwa, au betri ina chumba kilichokufa. Huenda pia umeunganisha betri nyingi kuliko uwezo wa chaja. Soma kibao kilichoko mgongoni mwa chaja. Kimeandikwa volti na ampea zake. Betri zinazochajiwa kwa pamoja ziwe za ukubwa mmoja na umri unaokaribiana. Ukichanganya betri kubwa na ndogo, nzima na mbovu, moja itazidiwa na nyingine itabaki na njaa.

Swali la tano: Je, kuna joto, harufu au mngurumo usio wa kawaida?

Chaja ikinuka kama kitu kinachoungua, zima na uchomoe. Tazama matundu ya hewa na feni. Huku kwetu ziwani kuna wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa makundi kama moshi. Wanafuata taa usiku, wanaingia ndani ya chaja na kufia humo. Wakichanganyika na vumbi wanaziba matundu. Feni isipozunguka, hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Kama ni betri inayochemka, inayovimba ubavuni, au inayonuka kama mayai viza, usisimame kuitazama. Zima umeme kwenye swichi kuu, toka nje, waondoe watoto, acha milango wazi. Rudi tu baada ya betri kupoa na harufu kuisha.

Mkiisha kujibu maswali haya matano na chaja bado inakataa, basi ubovu uko ndani. Mpelekeeni fundi, na mmweleze majibu mliyoyapata. Mtakuwa mmempunguzia fundi kazi, nanyi mmejipunguzia gharama.

KUCHAJI KWA KIASI, NA MAJI YA BETRI

Betri nyingi zinakufa kwa kuchajiwa vibaya kuliko kwa uzee. Kanuni nzuri ni kuchaji kwa ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya ampea-saa 70 ichajiwe kwa ampea 7. Itachukua saa 10, na saa mbili hivi juu yake, kwa kuwa si umeme wote unaoingia. Mtu akikwambia, "Niongezee moto, nina haraka," mkumbushe kuwa haraka haraka haina baraka. Betri iliyolazimishwa inapata joto, maji yanakauka, na mabamba yake ya madini ya risasi yanapinda.

Mvuvi naye ana wajibu wake. Asiimalize betri mpaka taa ziwe nyekundu. Kwa mfano, taa nne zinazokula ampea 1 kila moja kwa saa 10 zinatumia ampea-saa 40. Betri ya 70 hapo imevuka nusu, lakini betri ya 100 bado ina akiba. Akirudi pwani, aipeleke ikachajiwe siku ile ile. Betri ikilala tupu kwa siku nyingi, mabamba yake hushikwa na ukoko mweupe mgumu. Baadaye hata ukiichaji, inajaa upesi na kuisha upesi.

Sasa neno juu ya maji. Watu wengi wanachanganya. Wanasema "maji ya betri" wakiwa na maana mbili tofauti. Kuna tindikali, na kuna maji safi yaliyotokana na mvuke. Betri ikipungukiwa maji, kinachokauka ni maji tu. Tindikali inabaki ndani. Kwa hiyo ongeza maji safi ya mvuke yanayouzwa kwa kazi hiyo. Usiongeze tindikali, na usiongeze maji ya ziwa wala ya kisima, maana yana chumvichumvi. Kama mabamba yako wazi, ongeza maji kidogo yafunikwe tu, ndipo uchaji. Kama yamekwisha funikwa, chaji kwanza, halafu ongeza mpaka kwenye alama. Maji huongezeka kimo betri inapochajiwa. Ukijaza mapema, yatafurika.

Tindikali isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi, na hata mtu mzima gizani hasomi.

Siku hizi kuna pia betri za lithiamu. Ni nyepesi, na hazina vizibo vya maji. Hizo zina chaja zake. Usiziunganishe na chaja ya betri za maji, zinaweza kuwaka moto.

MBALAMWEZI NI WAKATI WA MATUNZO

Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiangaza sana taa hazivuti dagaa vizuri. Watu wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Tunapendekeza siku hizo ziwe pia za kutunza chaja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila siku: futa meza ikauke, kagua nyaya na vibanio kwa macho, jaza ndoo mbili za maji.

Kila wiki: safisha vichwa na vibanio, tazama kimo cha maji katika kila chumba cha betri.

Kila mbalamwezi: chomoa chaja, toa vumbi na wadudu kwenye matundu kwa brashi kavu bila kufungua sanduku. Kaza plagi. Badilisha waya uliobabuka, usiufunge nailoni. Hakikisha fundi amekagua waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na njano. Huo ndio unaopeleka umeme uliopotea ardhini badala ya kuupitisha mwilini mwako.

Kibanda chenyewe kiwe na matundu juu, karibu na paa, na mengine chini. Hewa mbaya itoke juu, hewa nzuri iingie chini. Pasiwe na jiko, sigara, wala mahali pa kulala. Chaja ikae pembeni mwa betri, si juu yake. Ukutani uwekwe mchanga mkavu ndani ya debe. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Kata swichi kuu kwanza. Na mtu akishikwa na umeme, usimvute kwa mkono. Kata umeme, au msukume kwa mti mkavu.

BETRI KUUKUU SI YA KUCHEZEA

Betri iliyokufa bado ina hatari. Wapo watu wanaoipasua na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, labda watengeneze vizito vya nyavu. Tunawaomba waache. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini na kukaa humo. Huharibu ubongo wa watoto, na kwa mama wajawazito hudhuru mimba.

Jambo hili lilitokea kwa majirani zetu wa Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakazi, pamoja na watoto, walipatikana na sumu ya risasi mwilini. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliongoza wananchi kupinga, na mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Lakini sumu iliyokwisha ingia mwilini mwa mtoto haitolewi kwa tuzo.

Betri kuukuu ihifadhiwe ikiwa imesimama, mahali pakavu, mbali na watoto. Iuzwe ikiwa nzima kwa mnunuzi anayezipeleka kwenye kiwanda chenye kibali. Na ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

DAFTARI LITAMALIZA UGOMVI

Ndugu wasomaji, wengi wenu mmejifunza kusoma na kuandika ukubwani. Pengine mtu aliwauliza, "Utaandika nini, nawe ni mvuvi?" Jibu ni hili: utaandika daftari la betri.

Chora mistari mitano. Andika tarehe, jina la mwenye betri, volti wakati wa kuingia, volti wakati wa kutoka, na maji yaliyoongezwa. Baada ya miezi mitatu, daftari litawaambia mambo ambayo macho hayakuyaona. Betri iliyokuwa ikitoka na 12.7 sasa inatoka na 12.3. Basi mwenyewe aanze kuweka akiba ya kununua nyingine, kabla haijamzimikia katikati ya ziwa usiku. Na kama chaja ndiyo imechoka, betri zote zitashuka pamoja. Daftari halina upendeleo. Halisemi uongo kwa mwenye chaja wala kwa mwenye betri.

Andikeni pia maneno mawili kwa herufi kubwa juu ya mlango wa kibanda, kila anayeingia ayasome: ZIMA KWANZA.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hatari tatu za kibanda cha kuchaji ni zipi? Katika kibanda cha mwalo wenu, ipi haijashughulikiwa?
2. Kwa nini tunachomoa plagi kabla ya kutoa vibanio?
3. Betri imechajiwa na kupumzika, nayo inasoma volti 10.5. Ina ugonjwa gani?
4. Betri ina ukubwa wa ampea-saa 100. Ichajiwe kwa ampea ngapi?
5. Mwenye chaja na mwenye betri wanabishana. Mtawasaidiaje kujua ubovu uko wapi?
6. Nani katika kikundi chenu atachora daftari la betri, na litaanza tarehe gani?

Swali la sita msilijibu kwa mdomo tu. Jibuni kwa kalamu.